Mambo Saba ya "Master" Mkwasa: Ubishi wa Kijiweni Uishe Leo

Ukitaka kuanzisha ubishi Arusha, si lazima uguse siasa. Pita kijiwe chochote cha Kaloleni au Ngarenaro, sema kocha mzawa anaweza kuifundisha Taifa Stars, kisha vuta kiti usubiri. Chai haijapoa atatokea mtu na kukuuliza, "Mzawa? Umesahau saba bila ya Algeria?" Sijasahau, na humu ndani imo. Leo tunahesabu kutoka saba kushuka hadi moja mambo ya Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga na Taifa Stars aliyegeuka kocha, yule ambaye mashabiki humwita "Master". Watu wa Yanga msishangilie mapema, watu wa Simba msinune. Kuna chakula cha kila mtu.

7. Msaidizi aliyebebwa hadi Saudia

Mapema mwaka 2014 Mkwasa aliingia benchi la Yanga kumsaidia Mholanzi Hans van der Pluijm. Machi 1 mwaka huo Yanga ikaifunga Al Ahly, mabingwa watetezi wa Afrika, bao 1-0 jijini Dar es Salaam, mfungaji Nadir Haroub "Cannavaro". Marudiano Misri, Ahly wakashinda 1-0 na kupita kwa mikwaju ya penalti. Katikati ya mwaka Pluijm akapata kazi Al-Shoalah ya Saudi Arabia, akaondoka na msaidizi wake. Mwaka haujaisha wote wawili walikuwa wamerudi Yanga, na msimu wa 2014/15 Yanga ikawa bingwa wa nchi. Makocha wengi wakihama hubeba begi na viatu. Pluijm alimbeba Mkwasa, maana alijua thamani ya alichonacho.

6. Pointi moja iliyobaki na ushindi uliofutwa

Septemba 5, 2015, Nigeria walikuja Dar kutafuta tiketi ya AFCON 2017, wakaondoka na sare ya 0-0. Machi 2016 Stars wakaenda N'Djamena na kuifunga Chad 1-0, bao la Mbwana Samatta. Ushindi wa ugenini, raha tele! Siku chache baadaye Chad wakajitoa kwenye mashindano na matokeo yao yote yakafutwa. Tanzania ilimaliza kundi na pointi moja tu, ile ya Nigeria. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema Mkwasa hakushinda ugenini katika mbio zile, msahihishe kwa upole, na chai yake ulipe wewe.

5. Watani wa jadi, Januari 4, 2020

Yanga walikuwa wamemwondoa kocha Mwinyi Zahera mwezi Novemba 2019. Nani aitwe? Mkwasa, kocha wa muda. Mkwasa alikuwa zimamoto wa soka letu: simu yake ilikuwa ikilia nyumba ikishaanza kuwaka. Siku ya dabi Simba wakatangulia mabao mawili, Meddie Kagere kwa penalti na Deo Kanda. Mashabiki wa Simba tayari walikuwa wanachagua nyimbo za kurudia nyumbani. Balama Mapinduzi akaachia shuti la mbali, nyavuni! Dakika chache baadaye Mohamed Issa "Banka" akasawazisha. 2-2. Haukupita muda timu akakabidhiwa Mbelgiji Luc Eymael. Watani wa Simba, mlikuwa mnaongoza mbili. Nawakumbusha kwa mapenzi.

4. Saba bila, na tuizungumze yote

Novemba 14, 2015, mchujo wa Kombe la Dunia, Dar es Salaam. Elias Maguri akafunga, Samatta akaongeza, Tanzania 2, Algeria 0. Islam Slimani akarudisha yote mawili ndani ya dakika chache za kipindi cha pili. Siku tatu baadaye kule Blida zikaingia saba.

Inauma, na sitaipaka sukari. Ila tazameni kalenda. Mkwasa alipewa timu Juni 2015, baada ya kocha Mart Nooij kufukuzwa kwa kipigo cha 3-0 kutoka kwa Uganda kule Zanzibar. Mechi yake ya kwanza ilikuwa marudiano ya Kampala, sare ya 1-1. Miezi mitano baadaye alikuwa anaongoza kwa mabao mawili dhidi ya moja ya timu bora za Afrika, timu iliyotoka kucheza hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia 2014. Anayekumbuka Blida pekee ameangalia dakika 90 kati ya 180. Ndugu yangu, tiketi ulilipia mechi mbili!

3. Twiga Stars kwenda Afrika Kusini, 2010

Hapa naomba kijiwe kisimame. Mwaka 2010 Mkwasa aliipeleka Twiga Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika kwa wanawake, mara ya kwanza katika historia yetu. Kundini kulikuwa na wenyeji Afrika Kusini, Nigeria na Mali. Walipoteza zote tatu. Lakini Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania ilikuja kuanza msimu wa 2016/17! Mwaka ule hapakuwa na ligi ya taifa ya kumwonyesha nani yuko vizuri. Akawatafuta, akawaunganisha, wakafuzu. Twiga walirudi kwenye fainali hizo Julai 2025 kule Morocco, zaidi ya miaka 14 baadaye. Wasichana wanaopiga mpira asubuhi kwenye baridi ya Tengeru na Usa River wana deni la shukrani kwa kikosi kile. Na wewe unayesema mpira wa wanawake umeanza juzi, rudi shule.

2. Kitambaa cha Samatta

Mapema mwaka 2016 Mkwasa alimvua unahodha Cannavaro, beki mwenye heshima kubwa, na kumpa Samatta, aliyekuwa ametoka kutangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Cannavaro akatangaza kustaafu timu ya taifa. Ulikuwa uamuzi mgumu, na nchi nzima ilibishana. Sasa fuatilieni kilichofuata: nahodha huyo akahamia Genk, akafunga Anfield mwaka 2019, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi 2020, na akaiongoza Stars kwenye AFCON. Kocha aliyeogopa kelele asingethubutu. Master alithubutu.

1. Benchi la mwaka 2015

Namba moja si bao wala kombe. Ni watu aliokaa nao. Msaidizi wake Taifa Stars alikuwa Hemed Suleiman "Morocco". Meneja wa timu alikuwa Juma Mgunda. Kocha wa makipa, Peter Manyika. Wote wazawa.

Julai 2, 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapa hapa kwetu Arusha, Mgunda alikuja na Coastal Union kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Abdul Suleiman "Sopu" akafunga matatu peke yake, ikawa 3-3, na Yanga wakahitaji penalti kutwaa kombe. Miezi miwili baadaye Simba wakamchukua Mgunda, naye akawafikisha makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Hemed Morocco yeye alishika Stars katikati ya AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024, kocha mkuu Adel Amrouche alipofungiwa, akapata sare na Zambia na DR Congo. Novemba 2024 akaifunga Guinea 1-0 na kuipeleka Tanzania AFCON nyingine. Waliokuwa kwenye lile benchi la "saba bila" ndio hao. Ubishi uko wapi?

Hukumu

Mlinganisheni Mkwasa na Ruslan Rotan, kiungo wa zamani aliyeichezea Ukraine mara 100. Alipoanza ukocha, nchi yake ilimpa timu ya vijana chini ya miaka 21 mwishoni mwa 2018 na kumwacha ajenge. Mwaka 2023 akafika nusu fainali ya Ulaya, na mwaka uliofuata akaipeleka Ukraine kwenye soka ya Olimpiki Paris. Mkwasa alipewa Stars mwaka mmoja na nusu, na mwanzoni mwa 2017 nafasi ikaenda kwa Salum Mayanga. Tofauti kubwa hapo ni muda.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, na pale Olmoti unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili yake. Saruji tumeipa miaka na fedha. Kocha mzawa naye apewe mkataba mrefu, apewe vijana wake mapema, na akifungwa mechi mbili aachwe aendelee na kazi. Kijiwe kikipinga, nileteeni hoja, ila msianze na Algeria. Hiyo tumeshaimaliza kwenye namba nne.