Gari Lisilojua Kusimama

Usukumani hakuna salamu ya juujuu. Ukimwambia mtu mzima "Mwangaluka", ataitikia, kisha mtaingia kwenye "Mhola?", mtapita kwa watoto, mvua, ng'ombe na bei ya pamba, na muda wote huo mwenye adabu amesimama. Sasa ichukue desturi hiyo uilete Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu tangu mkoa uzaliwe mwaka 2012, mji ambao kila mtu ni shemeji wa mtu. Halafu nipe mimi Corolla ya miaka ya tisini isiyo na sailensi, yaani injini isiyotulia mguu ukitoka kwenye mafuta.

Gari lisilo na sailensi likiwa safarini huwezi kulidhania. Kwenye lami ya kwenda Lamadi lilikuwa linateleza bila neno. Kazi ilikuwa kusimama. Ukitoa mguu kwenye mafuta, mshale wa mizunguko unashuka mpaka 600, unatetemeka, unashuka mpaka 400, halafu kimya. Kwa hiyo nikawa na njia mbili za kuwasalimia wakubwa: kuwapungia mkono huku napita, au kusimama huku nimekanyaga mafuta, "Mwangaluka, mayu!" yangu ikitoka pamoja na mngurumo wa injini. Haikupita wiki, mama akapelekewa habari kuwa mwanawe siku hizi ana pesa, anawangurumia wazee.

Ng'ombe walinipata vizuri zaidi. Kundi likivuka barabara pale Dutwa, huna la kufanya ila kusubiri, nao hawana haraka. Gari linazima, unapiga stata, linawaka, linazima. Kijana mchungaji ananiangalia kwa huruma ileile anayomwangalia ndama aliyekataa kunyonya. Na kwenye msafara wa msiba, ambako magari hutambaa, nilizimikiwa mbele ya nusu ya waombolezaji. Nikainamisha kichwa kwenye usukani kutafuta nguvu ya kupiga stata tena. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema: "Mwacheni kwanza, yeye na marehemu walipendana sana."

Ushauri haukuwa haba. Gari likizima mjini, kila mtu hulipima kwa kazi yake. Wa bodaboda alisema plagi. Muuza petroli ya kwenye chupa alisema ni mafuta ya sheli, ningenunua yake. Mganga wa betri alisema betri. Babu mmoja aliuliza kama gari nililinunua kwa ndugu, nikasema ndiyo, akatikisa kichwa na hakuongeza neno.

Nikaenda gereji bubu, chini ya mti. Fundi wa kwanza alifunga plagi mpya. Gari likaendelea kuzima, sasa kwa plagi mpya. Akasema basi ni pampu ya mafuta, na kwa bahati shemeji yake anauza. Hapo nikagoma, maana pampu iliyochoka huonekana mlimani au ukikanyaga sana, gari linapotaka mafuta mengi. Likisimama linaonja tu. Langu lilikuwa linapanda vilima vyote na kufia kwenye tambarare.

Wa pili alikuja na mashine ya kupimia, kijana msafi, simu mbili. Akainama chini ya dashibodi kutafuta tundu la kuchomeka, akapapasa, akainuka na vumbi magotini. Tundu lile la pini 16 lilikuwa lazima kwa magari yanayouzwa Marekani kuanzia ya mwaka 1996. Langu lilitoka Japani kabla ya hapo. "Hili gari ni bubu," akasema. Gereji bubu, gari bubu.

Wa tatu ndiye aliyenitia hatarini. Alivuta kebo ya eksileta, akaikaza, na kweli, gari halikuzima tena. Lilikuwa linanguruma kwenye mizunguko 1,500 hata mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta. Nikawa sasa na gari lisilozima na lisilotaka kusimama. Kwenye keepilefti nilikanyaga breki kwa miguu miwili, nikawapita watu wale wale waliosubiri salamu zao.

Mzee aliyeliponya hakugusa spana kwanza. Aliuliza maswali. Linazima likiwa baridi au la moto? Ukiwasha taa za mbele je? Ukikata usukani? Kisha akalegeza ile kebo, akafungua kisanduku kidogo chini ya boneti, akachukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, na kufungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Ingepepesa mara mbili, ikapumzika, ikarudia mara mbili, angesema sensa ya joto la maji. Yetu ilipepesa sawasawa, bila pumziko. "Kompyuta inasema mhola duhu, salama tu," akacheka. "Inajua waya. Masizi haiyajui."

Akawasha gari, akalishikilia kwa mafuta kidogo, akaniambia niwashe taa. Alipoachia, likafa papo hapo. Akalirudia, safari hii akifungua kwa kidole kilango cha hewa kinachovutwa na kebo ya eksileta, unene wa ukucha tu. Injini ikatulia kama isiyo na historia. Ugonjwa ukawa umejulikana, na hakuna kilichonunuliwa.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Mguu ukitoka kwenye mafuta, kilango kikubwa hufungwa, na injini inabaki kuvuta hewa kwa njia ndogo ya pembeni yenye valvu yake, sawa na mtu aliyefumba mdomo akabaki na pua. Mvuke wa oili unaorudishwa ndani uchomwe, ukikutana na vumbi, hugeuka masizi, na pua inaziba. Ukiwasha taa, alteneta inailemea injini, inahitaji hewa zaidi, hewa haipo, inazimia. Tukafungua na hewa klina. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha bustani, na juu yake manyoya ya pamba ya msimu mzima wa kufuata nyuma ya malori yanayokwenda kwenye vinu vya kuchambulia.

Kuizibua ile pua: kopo moja la dawa ya kusafishia kabureta, mswaki mkuukuu, kitambaa. Maji meusi yakatiririka mpaka yakawa meupe. Tukarudisha, tukawasha: mshale ukasimama kwenye 750. Akawasha taa, akakata usukani mpaka mwisho. Mshale ukainama, ukajirekebisha.

Siku hizi nasimama. Nasalimia mpaka bei ya pamba, injini ikisubiri kwa adabu. Ila kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi: lile gari bovu lilikuwa linanilinda. Hakuna anayeomba lifti kwa mtu asiyeweza kusimama. Tangu lipone nimeshabeba magunia ya michembe, kuku, mbuzi aliyekula mkanda wa kiti, na katibu wa kamati ya harusi aliyepanda Nyakabindi na kushuka Bariadi na ahadi yangu kwenye daftari lake. Jana amenipigia simu kukumbushia. Nimemwambia gari linasumbua, akacheka: "Acha hizo, shemeji. Mzee fundi naye yuko kwenye kamati."