Mambo Sita Ambayo Terminali Haikuambii Mpaka Uulize

Ukurasa wa logi kwenye kivinjari una grafu, rangi, na kale kaduara kanakozunguka huku bando likiisha. Terminali haina makeke hayo: unaandika amri, inajibu. Shida ni kwamba inajibu ulichouliza tu, kama karani wa dirishani, na mengine inakaa nayo. Tuhesabu kurudi nyuma, tukianza na kero ndogo.

6. Mistari ishirini. Kwa Google, `gcloud functions logs read risiti` huleta maingizo 20 ya fankisheni iitwayo risiti usipotaja idadi. Fankisheni yenye domo huyamaliza yote ikisalimia, kabla hujalifikia kosa. Ongeza `--limit=200`, uvute kiti.

5. Dakika kumi za Amazon. Watu wa Lambda wanacheka hapo juu, maana wao wana `aws logs tail /aws/lambda/risiti --follow`, na logi mpya zinaingia zenyewe. Wacheke taratibu. Bila `--since`, amri hiyo inaanzia dakika 10 zilizopita. Kosa la dakika ya kumi na moja halijapata kutokea duniani. Andika `--since 3h`. Ikikujibu kwamba `tail` haiijui, bado uko toleo la kwanza la programu yao. Hamia la pili.

4. Saa ya wenyewe. Kwenye logi za `gcloud`, safu ya muda imeandikwa TIME_UTC, herufi kubwa kabisa, na bado watu huisoma kama saa ya ukutani. Mteja wa Mombasa anapiga: "Malipo yangu yamekwama saa tatu asubuhi." Unatafuta 03:00, hakuna kitu, saa hiyo Mombasa ilikuwa kumi na mbili alfajiri, mteja yuko kitandani. Unajirekebisha, unatafuta 09:00, unakuta malipo ya watu wa saa sita mchana. Kumbe jibu liko 06:00. Hesabu ni fupi kuliko inavyotisha: saa ya mchana aliyotaja mteja, ongeza tatu; saa ya usiku, ongeza kumi na tano (ikifika 24, ondoa 24). Saa kumi na mbili ihesabu sifuri. Saa nane usiku inakuwa 23:00, tena ya tarehe ya jana, na hapo ndipo wengi hupoteza usiku mzima wakitafuta kwenye siku isiyo yake. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi waongeze nne na kumi na sita. Poleni.

3. Kosa lililovaa kiraia. `--min-log-level=error` huchuja kwa cheo, haisomi maneno. Mwenzako akiandika `console.log("IMEKUFA KABISA!!!")`, hiyo kwa mfumo ni taarifa ya kawaida. Aipe logi cheo chenyewe, `severity` ya `ERROR`, alama za mshangao abaki nazo.

2. Namba ya simu ya shangazi. Mtu alitaka kuona taarifa za malipo zinavyoingia, akachapa kila kitu kwenye logi: namba, jina, kiasi. Halafu akasahau. Sasa kila mwenye ruhusa ya kusoma logi anajua shangazi kamtumia nani, na shangazi hajui. Ndoo ya `_Default` ya Google hukaa na logi siku 30; CloudWatch, usipoiwekea ukomo, hukaa nazo milele. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, kwa hiyo huu si umbea tu. Jaribu leo:

`gcloud logging read 'textPayload:"2557"' --freshness=30d`

Wakenya waweke 2547. Bila hiyo `--freshness` utaletewa siku moja tu, utajiona msafi.

1. Ukimya. Amri imekwenda, haikurudi na hata mstari mmoja. Kijana anatangaza kwenye kundi la WhatsApp: "Wakuu, mfumo uko shwari." Shwari wapi! Anasoma mradi wa majaribio. Amri ya `gcloud config list` ingemwumbua mapema. Mradi ni wenyewe? Basi angalia kizazi. Fankisheni za kizazi cha kwanza logi zake ziko chini ya `cloud_function`. Za kizazi cha pili huendeshwa juu ya Cloud Run, logi zake ziko chini ya `cloud_run_revision`, na chujio ulilonakili kwa mtangulizi wako halina habari hiyo. Umerekebisha, na bado kimya? Inawezekana fankisheni haikuitwa kabisa. Rudi kwenye kundi uulize, kwa upole, nani alisimamisha ratiba Ijumaa.