Ombi la Uwakala wa Shughuli za Nje ya Masomo, Kanda ya Magomeni

Kwa Wakurugenzi wa UCAS,
Ofisi ya Maombi ya Vyuo Vikuu vya Uingereza,
Cheltenham.

Ndugu Wakurugenzi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenye steshenari hapa Magomeni Mapipa. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nahangaika na fomu za Bodi ya Mikopo, na msimu wa udahili ukifika nafunga duka usiku. Wateja wangu wengi wanaomba vyuo vya hapahapa, na kazi yao ni nyepesi. Tume ya Vyuo Vikuu imeshaweka hesabu yake: A ni pointi tano, E ni pointi moja, na kwa kozi nyingi ukiwa na masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, mlango uko wazi. Hakuna anayekuuliza jioni huwa unashinda wapi.

Ila kila msimu hawakosi wachache wenye mjomba ng'ambo au tetesi za ufadhili, wanaokuja kufungua fomu yenu. Hao ndio walioninyanyua kimaisha, na ndiyo maana barua hii naianza kwa shukrani.

Nimeona mmeifumua fomu. Kuanzia kwa wanaoanza masomo mwaka 2026, ile insha moja ndefu imekuwa maswali matatu, herufi zote zisizidi 4,000 na nafasi tupu zikihesabiwa humohumo, na kila jibu lisipungue herufi 350. La kwanza, kwa nini unaitaka kozi hii. La pili, masomo yako yamekuandaa vipi. La tatu ndilo linalolipa kodi ya fremu yangu: nje ya masomo umefanya nini kingine, na kimekusaidia nini.

Hapo kwenye la tatu ndipo kiti cha mteja kinapoanza kulia. "Anko," aliniambia binti mmoja wa Magomeni Mikumi mwenye fizikia, kemia na biolojia zilizonyooka, anataka ufamasia, "mimi sijafanya kitu." Alisema hivyo huku ameweka kwenye kibodi mkono wenye kovu la mafuta ya moto. Huamka saa tisa usiku, yeye na bibi yake, kukaanga vitumbua vya kuwauzia wanaowahi mabasi ya Mwendokasi. Ndiye anayepiga hesabu za mchele, nazi na mkaa, ndiye anayejua nani anadaiwa, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyomsomesha. Nikamwambia, basi andika hayo. Akanitazama kama nimemtukania bibi.

Kuhusu kuungua, ninyi ni wazoefu. Mwaka 2007 mlipochunguza maombi mliyopokea mlikuta waombaji 234 wakisimulia kisa kimoja: kwamba walipotimiza miaka minane walichezea vifaa vya kemia wakatoboa pajama kwa moto, na tangu hapo wakaipenda sayansi. Pajama 234! Wote walikuwa wamenakili sehemu moja. Mimi nina binti aliyeungua kweli, tena akiwa kazini, na anaomba kovu lisitajwe.

Haki yenu niwape. Mwongozo wenu nimeusoma hadi chini, na mmeandika kwamba ajira na majukumu ya nyumbani yanahesabika. Nilimsomea neno kwa neno. Hakuamini, na simlaumu, kwa sababu swali lina mkia: kimekusaidia nini. Mwenye kucheza ragbi jibu lake limeshachapwa tangu enzi za babu zenu, kwamba mchezo umemfunza ushirikiano na uongozi. Kitumbua je? Tulikaa naye tukajaribu. "Kukaanga vitumbua kumenijengea uwezo wa kufanya maamuzi sahihi katika mazingira yenye joto kali." Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanitaka nifute. Kitumbua kilimsaidia ada, Wakurugenzi. Sasa hilo nalo linahitaji herufi 350?

Kwa hiyo nikafungua huduma. Picha ya kupanda mti ni buku mbili. Mche wenyewe ni mwarobaini ulio kwenye kopo la rangi nyuma ya duka, haujawahi kugusa ardhi, lakini umeshapandwa na viongozi wengi wa kesho. Cheti cha kujitolea kina bei yake, kikiwa na mhuri bei inapanda kidogo. Anayetaka taasisi nzima ya kuokoa mazingira, yenye nembo, dira na dhamira, namtengenezea kwa elfu kumi na tano, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti, katibu na mhazini. Wa fomu za Marekani nawatoza zaidi, maana kule wanaruhusiwa kuorodhesha shughuli kumi, na kila moja maelezo yake yasizidi herufi 150. Kwa Kiswahili chetu hizo hazitoshi hata salamu.

Msiniite tapeli haraka. Mimi ni mwanafunzi tu wa wakubwa. Mwaka 2019 ilifumuka kesi kule Marekani, ya dalali wa udahili aitwaye Rick Singer. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe walilipa dola 500,000 ili mabinti zao waingie Chuo Kikuu cha Southern California kama wapiga makasia. Hawakuwa wapiga makasia. Walipigwa picha wamekalia mashine ya mazoezi, basi. Mama alifungwa miezi miwili, baba mitano. Kwa bei zangu, fedha hiyo ingeipatia kila kaya ya Magomeni mwenyekiti wa taasisi.

Na asili ya swali lenyewe? Miaka ya 1920 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, aliona Wayahudi wamefika mmoja katika kila wanafunzi watano wa mwaka wa kwanza. Kosa lao lilikuwa kufaulu mtihani. Alitaka wazuiwe kwa idadi, ikawa kelele. Basi vyuo vya aina hiyo vikaanza kuuliza haiba, michezo, familia, hata picha ya pasipoti, na hesabu ikarudi vile wakubwa walivyotaka bila ya mtu kutamka neno baya. Sisemi Cheltenham mna nia hiyo. Nasema chombo kina historia yake, na mnunuzi wa mtumba hukagua mifuko.

Wala msidhani mnatufundisha jipya. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asikimbilie chuo kikuu. Apite kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi walau miaka miwili, kisha alete mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Nia ilikuwa njema, na walau wao kazi waliita kazi, hawakuuliza nani anapuliza filimbi. Lakini moyo wa kijana ukawa unapimwa na katibu wa tawi, ambaye naye ana shemeji na ana ugomvi wa kiwanja. Baadaye masharti yakalegezwa. Lowell alitaka kuwafungia mlango watoto wa wahamiaji, Musoma ilitaka kuwafungulia wakulima na wafanyakazi, na kote kuwili mtoto alijikuta amesimama mbele ya mtu mwenye mhuri akithibitisha kwamba yeye ni mtu.

Hapo ndipo penye biashara yote. Swali lenu la tatu linauliza shughuli, lakini anayelijaza analisoma kama swali la shahidi. Mpiga makasia ana kocha, ana picha, ana kikombe kabatini. Anayeamka saa tisa usiku shuhuda wake ni bibi asiyejua kuandika Kiingereza na wateja wanaokula wakitembea. Mimi nauza mashahidi. Ndiyo maana nina foleni.

Hapa mtaani kwetu, Magomeni, ipo nyumba ya Mwalimu Nyerere, siku hizi ni makumbusho. Alisoma kwenu Edinburgh, akahitimu 1952, akarudi akafundisha Pugu. Julai 1954 akiwa bado mwalimu akawa rais wa TANU, na mwaka uliofuata akaambiwa achague, darasa au siasa. Mtaona wenyewe kwamba chama kilikuwa shughuli yake ya nje ya masomo. Nimejaribu kumjazia fomu yenu. Umefanya nini kingine: nimeanzisha chama. Kimekusaidia nini: nchi. Mtandao umekataa, herufi hazifiki 350.

Basi ombi langu ni hili. Mnipe uwakala rasmi wa Kanda ya Magomeni, pamoja na Kariakoo kama nitaweza nauli. Nitaacha kuuza mwarobaini siku mtakapokubali kupokea, kama uthibitisho wa shughuli, daftari la madeni la vitumbua, lenye madoa yake na majina ya wadaiwa. Kama haiwezekani, mnitumie orodha ya michezo mnayoipenda mwaka huu nijipange mapema. Mlango wenu hufungwa Januari, saa kumi na mbili jioni kwenu, ambayo kwetu ni saa tatu usiku, na saa hiyo binti huyo anakuwa ameshaloweka mchele amelala.

Wenu katika ujenzi wa haiba,

Mwenye Steshenari, Magomeni Mapipa.

Nakala:
Mtendaji wa Mtaa – kwa mhuri.
Katibu wa Tawi – kwa taarifa, kazi yake ya 1974 imerudi.
Mteja wa vitumbua viwili, kituo cha Mwendokasi – kwa uthibitisho, pamoja na kulipa deni.