Noah Inang'aa, Oili Tope

Mwenye Noah wa Dar es Salaam analipenda gari lake. Kila Jumamosi linaoshwa mpaka matairi yanapakwa dawa ya kung'aa, na kioo cha nyuma kimebandikwa maneno ya kumshukuru Mungu. Ndani hupakiwa watoto, bibi, shemeji na sufuria za msibani. Muulize alimwaga oili lini, atajibu kwa fahari: "Injini yangu hii haili oili kabisa. Mimi huongezea tu."

Haili, ila anaongezea! Oili ya zamani imeshakuwa tope jeusi, inaziba vijia vya kulainishia vyuma, naye anaitilia mpya juu kama anayerefusha mchuzi kwa wageni. Kilomita 5,000 alizoandikiwa na fundi kwenye kikadi zilipita kitinda mimba akiwa bado tumboni. Filta? Hiyo, kwa maelezo yake, ni ujanja wa mafundi kula hela za watu. Galoni ya lita 4 ni ghali mno. Mchango wa sendofu, hapana.

Siku injini ikinoki, watuhumiwa wameshaandaliwa: fundi, petroli ya kituo kile, na jirani aliyelikodolea macho sana.