Kanzu Nyeupe, Chokaa Nyeupe

Sikio langu la kushoto bado lina chokaa. Nimejaribu pamba, maji ya vuguvugu na dua, haitoki. Aliyenitia ni mtoto wa miaka kama minane, kwenye tamasha la majengo ya kale hapa Mji Mkongwe, Unguja, lililotangazwa kuwa la familia nzima. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, nimemshikia soda yake kwa hisani. Fundi aliyekuwa akiwafundisha watoto kupaka ukuta chokaa akamwambia, "Irushe kwa nguvu, mwanangu, ndipo inaposhika." Mtoto akairusha kwa nguvu. Ikashika.

Watu wakapiga makofi. Mtalii akaniomba nigeuke kidogo, mwanga ulikuwa upande wa pili. Fundi akanisogelea, akalikagua shavu langu na kanzu yangu bila kunitazama machoni, akasema kwa fahari, "Umeiona lakini, sheikh? Hiyo ndiyo chokaa!"

Nikapewa darasa nisiloliomba, na wallahi lilininogea. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa mpaka yawe meupe na mepesi. Ukiyamwagia maji, yanachemka yenyewe bila moto, yanafoka mvuke, yanasambaratika kuwa unga. Unga huo hurowekwa, ukaachwa ulale. Ukiuharakisha, utakuja kupasuka ukutani. Kisha huchanganywa na mchanga, ukapakwa, na hapo huanza kuinywa tena hewa ya ukaa ambayo moto uliifukuza, mpaka urudi kuwa jiwe. Jiwe lenyewe linapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita ndani yake ukatokea nje. Ukija na saruji, umeuziba ukuta pua. Maji na chumvi vinabaki ndani, plasta inabanduka mapande, na boriti za mikoko zinaanza kuoza pale zilipoingia ukutani. Nilisahau kabisa kwamba shavu linaniwasha.

Mchana, hapo hapo tamashani, nilifungwa katika mchezo wa bao na msichana aliyekuwa akila embe. Jioni nikamwagikiwa na urojo.

Nyumbani mke wangu alinizungusha mara mbili. "Chokaa iko wapi? Mimi naona urojo tu." Kanzu nyeupe, chokaa nyeupe, mdhulumiwa sina ushahidi.

Haya ya kwangu yatapita. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikaua watu. Kwenye uchochoro wa nyuma ya tamasha letu, fundi mwingine alikuwa akikandika saruji kwenye ukuta wa mawe mchana kweupe, maana mwenye nyumba ana haraka na chokaa haina haraka. Watoto wetu wanafundishwa kazi ambayo wakikua hakuna atakayewaajiri kuifanya.

Mgeni rasmi alizisifu kuta za jumba la tamasha hadi kipaza sauti kikachoka, akaondoka na msafara wake. Hapo akashuka mama mmoja, mpangaji wa ghorofa ya juu ya jumba lile lile lililosifiwa, ambaye dari yake inavuja kila masika. Akauliza kwa adabu kama anaweza kupewa ile ndoo moja ya chokaa iliyobaki.

Akaambiwa, "Samahani, mama. Hiyo ni ya maonyesho."