Hotuba ya Mwezeshaji Mkuu wa Saikolojia, Ukanda wa Mpakani

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kiti chake kimefika ingawa mwenyewe bado yuko njiani. Maofisa elimu kata. Wakuu wa shule. Nanyi walimu wa ushauri na unasihi kutoka Mpemba, Chapwa, Vwawa, Mlowo, pamoja na wale wa Ileje waliofika na vumbi lao: itifaki imezingatiwa. Kama mmeona nimechelewa saa mbili, sikuchelewa. Nilikuwa nawaandaa kisaikolojia.

Simu zote ziwe kimya. Yangu itaita, maana mimi napigiwa na watu.

Cheo changu, Mwezeshaji Mkuu wa Saikolojia, Ukanda wa Mpakani, sikupewa na mtu. Niliona pengo, nikalijaza. Wapo wenye roho ya kwa nini wanaouliza shahada yangu niliipatia wapi. Nawajibu kitaalamu. Erik Erikson, yule wa hatua nane za makuzi mliyemkariri chuo cha ualimu usiku wa kuamkia mtihani, hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na alifundisha Harvard. Hata hilo jina la Erikson alijichagulia ukubwani. Mtu akijipa jina la ukoo anaitwa gwiji, mimi nikijipa cheo naitwa tapeli? Makofi ya pashapasha, tafadhali. Asanteni, kwa sasa yananitosha.

Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mwanasaikolojia Piaget anatufundisha kwamba mtoto huanza kufikiri kidhahania anapokaribia miaka 11. Mkoa uko mlangoni. Kwa hiyo leo nitazungumza dhahania tupu, na mambo yanayoshikika tutayaacha yajishike yenyewe.

Sekondari zetu, kidato cha kwanza mpaka cha nne, hazina somo linaloitwa Saikolojia. Wageni huona ni upungufu. Mimi nawaambia tunaye mwalimu wa unasihi, na huyo hupatikana kwa njia ya kisayansi: mkuu wa shule anapitisha macho ofisini, anamwona aliyekaa kimya anasahihisha madaftari, anasema, "Wewe mpole, chukua unasihi." Uteuzi umekwisha. Vipindi vyake vinabaki vilevile. Chumba anapewa, kile cha stoo, chenye mipira iliyopasuka na magunia ya mahindi ya uji. Siri ya mtoto haiwezi kutoka humo, kwa sababu mlango wenyewe ukishafungwa haufunguki mpaka aitwe fundi.

Na mara nyingi mpole huyo akishazoeleka anaongezewa nidhamu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Basi saa nne mwalimu wetu anaandika kwenye kitabu. Saa tano anamwita mtoto yuleyule stoo, anamwambia, "Keti mwanangu, nifungulie moyo." Mtoto anabaki amesimama, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Wasiosoma wanauita huu mgongano wa majukumu. Mimi nauita muungano wa Skinner, yule wa kurekebisha tabia, na Carl Rogers, yule wa kusikiliza, ndani ya mwili mmoja, kwa mshahara mmoja.

Sasa nije kwenye kiini cha mafunzo kazini, yaani chakula. Msicheke. Ivan Pavlov alipewa Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Elimu yote ile ya mbwa kutokwa mate kabla hajaiona nyama ilianzia tumboni. Nami nimefanya uchunguzi wangu humu ukumbini: kila mhudumu anapogonga sinia kule nyuma, shingo zote zinageuka. Mliposikia karatasi ya posho itazunguka baada ya chai, hakuna aliyekumbuka kuwa ana mgonjwa nyumbani. Anayebeza posho hajui nadharia.

Baada ya chakula ni kusahau, na hapa naomba mwandike, hata kama mtakisahau mlichoandika. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima zinavyomtoka kichwani. Saa moja tu, zaidi ya nusu imekwenda. Slaidi zangu za leo zimeandaliwa kwa kufuata nyayo zake: ni nyingi, na hazina maana yoyote. Aligundua pia kwamba kurudia mara kwa mara, kwa kuachia nafasi katikati, husaidia kukumbuka. Nasi twafanya hivyo. Kila mwaka wa fedha tunarudi na mada ileile, slaidi zilezile, tarehe tu ndiyo inabadilishwa. Wiki iliyopita nilikuwa nazo ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Tangu Kituo cha Huduma Pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2019, mtu anagongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja, anageuka mwezeshaji wa kimataifa kabla ya saa nne asubuhi.

Wenye husuda wanasema ujuzi ukitoka Dodoma, ukapita mkoani, halmashauri, mpaka ufike shuleni, unakuwa umebaki ukurasa mmoja unaosomwa wakati wa chai. Watazame Kimondo cha Mbozi. Chuma, uzito wa tani nyingi, na hakuna ajuaye lini kilianguka. Mafunzo yetu nayo ni hivyohivyo: yametoka juu sana, yametua kwa kishindo, hayasogei tena, na watu wanakwenda kupiga nayo picha. Nani aliwahi kukilaumu kimondo kwa kutotembea?

Ndiyo maana nina mashaka makubwa na huu mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Eti walimu wakutane kwenye shule yao wenyewe, ndani ya Jumuiya ya Kujifunza, wajadili kinachowashinda darasani wiki ile. Wenyewe! Bila mgeni rasmi, bila bango, bila mimi. Wamtaje mtoto wanayemjua, waulizane alianza lini kusinzia kipindi cha kwanza, nyumbani analala wapi, na wiki inayofuata warudi kuangalia kama kuna kilichobadilika. Nauliza kitaalamu: cheti atasaini nani? Chapati ziko wapi? Na ikitokea wakafaulu, sisi wawezeshaji tutakula nini?

Maswali. Moja tu, muda umetutupa mkono. Ndiyo, madam pale nyuma.

Nimekusikia, madam, na naomba nirudie kwa faida ya waliokuwa wanachungulia sinia. Ana kijana wa kidato cha pili. Anatoroka kila siku saa nne, anakwenda kwenye foleni ya malori kuwauzia madereva maji. Mchana anabadilisha kwacha mpakani, na jioni analea wadogo zake wawili, kwa kuwa baba alipanda lori kuelekea Lusaka na hajarudi. Akimwambia asome apate kazi nzuri, kijana anamuuliza kwa adabu, "Shikamoo madam, wewe unapokea shilingi ngapi?" Anataka kujua amjibu nini.

Swali zuri sana. Swali zuri mno. Kijana huyo yuko hatua ya tano ya Erikson, utambulisho dhidi ya mkanganyiko wa majukumu. Mjazie fomu namba tatu. Fomu namba tatu itatolewa awamu ya pili ya mafunzo, fedha zikipatikana. Karatasi ya posho ianzie safu ya mbele, asiyesaini asinitafute.

Madam, usiondoke kwanza. Huyo kijana, leo kwacha anabadilisha kwa bei gani? Nina noti kidogo za Nakonde, na wale jamaa wa pale getini ni wezi.