Muulize Shangazi Dira: Kifaa Changu Kinanidanganya

Mwezi huu kapu la barua limejaa kilio cha aina moja. Watu wamenunua vile vifaa vya GPS vya mkononi, vya wapanda milima, vyenye kamba ya kuning'iniza na vitufe vigumu, na tangu hapo hawana amani. Waliotembea kwa miguu maisha yao yote bila kuuliza ni kilomita ngapi, leo wanagombana juu ya mita mia tatu. Nimejibu nilizoweza. Barua za wanaotaka kujua mume yuko wapi saa hizi nimezipeleka kwa mwenzangu wa safu ya ndoa, isipokuwa moja, ambayo roho ilikataa kuiachia.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwongoza wageni, napandisha kwa njia ya Marangu. Safari hii nilikuwa na mtu na mkewe, kila mmoja na kifaa chake, wamevinunua duka moja siku moja. Kutoka getini hadi kambi ya Mandara cha mume kikasema kilomita 8.9, cha mke 7.8. Wakanigeukia mimi. Nikawaambia sisi tunasema nane. Hadi tunafika Horombo walikuwa hawasemezani. Nani mkweli? – Katikati ya Ndoa, Marangu*

Marahaba mwanangu. Wote watatu mnakisia, ila wewe umekisia kwa utulivu zaidi.

Kifaa hakipimi njia. Njia hakiijui. Kinapokea saa kutoka kwa setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, kinalinganisha nyakati za setilaiti nne au zaidi, halafu kinakata shauri: uko hapa. Baada ya muda kinakata shauri tena: sasa uko pale. Kisha kinachora mstari ulionyooka kutoka hapa hadi pale, kinajumlisha mistari yote, na jumla hiyo ndiyo wageni wako wanagombea.

Makosa yanaingia kwa milango miwili inayotazamana. Kila "hapa" ina kosa la mita kadhaa, na chini ya ule msitu wa kabla ya Mandara, wenye majani yaliyolowa maji, kosa linakua. Nukta zikitawanyika kushoto na kulia, njia iliyonyooka inachorwa kama ya mlevi, na umbali unaongezeka. Huo ni mlango wa kwanza. Wa pili ni nukta kuwa chache: kona zinakatwa na umbali unapungua. Fungua menyu ya kurekodi ya vifaa vyote viwili. Sitashangaa ukikuta cha bwana kinaweka nukta kila sekunde na cha bibi kinaweka moja kila baada ya mita hamsini. Tazama pia kila kimoja kilikaa wapi. Kilichofungwa begani kinaiona mbingu. Kilicho mfukoni nyuma ya kiuno kinaona nusu yake, kwa sababu mwili wa binadamu umejaa maji na maji huzima mawimbi hayo.

Subiri sasa ufike usiku wa samiti. Kwa mwendo wenu wa pole pole, kutoka Kibo Hut kwenda juu mnatembea kama kilomita moja kwa saa, yaani sentimita 28 kwa sekunde. Kifaa chenye kosa la mita tatu hakiwezi kusema kwa uhakika kama huyu anatembea au amesimama anatapika. Kuna vinavyoamua kwamba amesimama, vikaacha kuhesabu. Kuna vinavyohesabu kila mtikisiko. Hapo ndipo mtu anamaliza kupanda na kaunta ya safari inamwambia kilomita nne, wakati alama aliyochora kwenye ramani inasema saba, ndani ya kifaa kilekile. Kaunta na alama hazihesabiwi kwa njia moja, na zikitofautiana si ugonjwa.

Mwingine atakwambia tofauti inatokana na kupanda, kwamba kifaa kinapima ulalo na kuacha mwinuko. Vingi ni kweli vinapima ulalo tu, lakini piga hesabu: mlima ukipanda mita 30 kwa kila mita 100 za ulalo, urefu halisi unaongezeka mita nne na kidogo. Hizo haziwezi kuvunja ndoa ya watu.

La kufanya: waweke vyote viwili kwenye mpangilio mmoja. Penye kona nyingi na mwendo mdogo, nukta moja kila baada ya mita tano au kumi za kutembea inafaa kuliko nukta ya kila sekunde. Na wakikuuliza imebaki kilomita ngapi, taja masaa. Vitabu vyenyewe havikubaliani: kimoja kinaweka Mandara hadi Horombo kilomita 11, kingine 12, na hakuna aliyewahi kupotea katikati ya hiyo moja. Mtu wa mlimani tangu zamani anauliza masaa, na mimi naona yeye ndiye mwenye akili.

*Shangazi, mume wangu kila Jumamosi anaaga kwamba anapanda Morningside kwa mazoezi. Jumamosi iliyopita nilimkuta sebuleni kwa shemeji anacheza bao, kifaa kipo mezani, na kinaonyesha ametembea kilomita 4. Je, kinaweza kutembea chenyewe? – Nimechoka, Morogoro*

Kinaweza, mama, na kinapenda.

Chini ya bati mawimbi ya setilaiti hayapiti. Yanayoingia ni mabaki ya dirishani, mengine yameshagonga ukuta wa jirani kwanza. Kifaa kinajitahidi: mara kinamweka mumeo sebuleni, mara uani, mara ng'ambo ya barabara, na kila mruko unaingia kwenye hesabu. Akikaa kwenye bao tangu chai hadi magharibi, kilomita zinajaa zenyewe. Hata jumla ya mita alizopanda itanenepa, kwa hiyo usikubali akikuonyesha hiyo.

Ushahidi uko kwenye ramani. Fungua alama ya safari. Aliyekwenda Morningside ana mstari unaotoka mjini, unapanda Uluguru na kurudi. Aliyeshinda kwa shemeji ana fundo la uzi lililojiviringisha juu ya paa moja. Ukikuta mstari safi kabisa, usishangilie kabla hujatazama kasi. Huenda kifaa kilipanda na kijana wa bodaboda.

*Kwako Shangazi. Nilisimama kilele cha Uhuru, kifaa changu kikasoma mita 5,912. Cheti nilichopewa kinasema 5,895. Mita zangu 17 ziko wapi? – Mhasibu, Dodoma*

Mhasibu, hesabu ukiitaka tutaifanya, lakini hutaipenda. Hiyo 5,895 ilitokana na upimaji wa mwaka 1952, enzi za Waingereza. Mwaka 1999 wapimaji walipanda na GPS za kazi, si hizi za mfukoni, wakapata 5,892 na sehemu. Mwaka 2008 wakapanda wengine, wakaishia palepale karibu na 5,892. Kwa hiyo kama ni kusawazisha vitabu, wewe ndiye unayedaiwa mita tatu.

Kifaa cha mkononi ni dhaifu zaidi kwenye mwinuko kuliko kwenye mahali. Setilaiti zinakuzunguka pande zote, makosa ya mashariki na magharibi yanasahihishana. Lakini zote ziko juu yako. Za chini zimezibwa na dunia, na kosa la kwenda juu halina wa kulipinga. Kifaa kikikuahidi mita tano za mahali, kipe nafasi ya kumi au zaidi za mwinuko.

"Lakini changu kina barometa!" Najua utasema. Barometa inapima uzito wa hewa, na hewa ya kwetu ina tabia zake. Katika nchi za joto kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa utaratibu kama wa maji ya pwani: juu karibu saa nne asubuhi, chini karibu saa kumi jioni, tofauti kama milibari mbili au tatu. Kiache kifaa juu ya meza ya ofisi yako hapo Dodoma. Jioni kitakuwa kimepanda mita ishirini hivi, na wewe hujanyanyuka kitini. Zaidi ya hapo, hesabu ya kiwandani inachukulia hewa ya mfano, baridi kuliko hii yetu, kwa hiyo barometa iliyorekebishwa getini tu na kuachwa hivyo hadi Kibo itasoma pungufu, na pungufu lenyewe linaweza kuzidi mita mia.

Dawa ni kuirekebisha kila unapopita penye mwinuko unaojulikana. Vibao vya njia ya Marangu vitakusaidia: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mhasibu kama wewe utakuwa umeshatilia shaka mlima unaopandisha kambi zake kwa elfu kamili, na kuna vitabu vinavyoiweka Kibo Hut 4,703. Tumia kibao hivyohivyo. Ni bora kuliko hewa.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa skauti. Nilisimama kwenye chemchemi, nikasoma kifaa, nikaweka alama kwenye ramani ya karatasi ya 1:50,000. Vijana walifuata ramani kwa uaminifu, wakatokea katikati ya kabichi za mzee mmoja asiyependa utani. – Mwalimu, Lushoto*

Pole kwa kabichi. Soma maandishi madogo pembeni mwa ramani yako: yatakuwa yanasema Arc 1960. Ramani hizo zilichorwa kwa umbo la dunia lililokadiriwa kabla ya enzi za setilaiti, wakati kifaa chako, usipokiambia vingine, kinatumia WGS 84. Vyote viwili viko sahihi, kila kimoja kwenye nyumba yake. Ukichukua namba za huku ukaziweka kule, kwa upande wetu wa Afrika nukta inahama zaidi ya mita 300, kusini na kidogo mashariki. Kwenye karatasi ni milimita sita tu, ndiyo maana hukuona. Kwenye mlima wa Usambara ni bonde jingine na mwenye shamba mwingine.

Ingia kwenye mipangilio, tafuta orodha ya mifumo ya ramani, chagua Arc 1960, halafu UTM kanda ya 37 kusini. Ukimaliza kazi na karatasi, rudisha WGS 84, la sivyo kosa lilelile litageuka likufuate upande wa pili. Na mpelekee mzee miche mipya kabla hajakuja shuleni.

*Nimerithi kifaa cha babu. Kinachelewa sana kunijua niko wapi, na kinadhani tuko miaka karibu ishirini nyuma. Kimelogwa? – Mjukuu, Iringa*

Hapana. GPS inahesabu wiki, na vifaa vya zamani vinaishia wiki ya 1,023 kisha vinaanza upya sifuri. Hesabu iligeuka Agosti 1999, ikageuka tena Aprili 2019, na cha babu hakikupata habari. Mahali kitakuonyesha vizuri tu. Tarehe tazama kwenye simu. Ama kuchelewa, kimekaa kabatini miaka, hakijui setilaiti ipi iko wapi. Ratiba nzima huchukua dakika kumi na mbili na nusu kurushwa kutoka juu, kwa hiyo kiweke uwanjani penye mbingu wazi, usitembee nacho, kunywa chai.

*Betri mpya zimekufa Kibo Hut saa sita usiku. – Mgumu, Kibosho*

Hazikufa, zimeganda. Betri za alkali hazipatani na baridi. Tumia za lithiamu, lala nazo ndani ya begi la kulalia, na ukiambie kifaa ni za aina gani, maana kikikosea aina kitakuonyesha zimejaa hadi dakika ya mwisho.

*Assalaam aleikum Bi Shangazi. Mie naandika kutoka Maskati. Tulikwenda Jebel Shams na vijana, tukapita ile njia ya ukingoni juu ya Wadi Nakhr. Kifaa kimeandika kwamba niliruka bonde kwenda ng'ambo na kurudi, na kasi yangu ya juu ni kilomita 94 kwa saa. Nina miaka sitini na nane. – Babu wa Muttrah*

Waaleikum salaam, babu, na hongera kwa mbio.

Pale ukuta wa jabali umekuzibia nusu ya mbingu, na ukuta wa pili unakurudishia mwangwi. Mawimbi ya setilaiti yanagonga jabali la ng'ambo kabla ya kukufikia, yanachelewa kidogo, na kifaa kinadhani setilaiti iko mbali zaidi. Hapo kuchelewa kidogo ni jambo kubwa: sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Kikabahatisha, kikakuweka hewani. Mwangwi ulipokwisha kikakurudisha njiani, na mruko huo ukaandikwa kuwa ni kasi yako.

Kama kifaa chako kinaweza, kiruhusu kusikiliza na setilaiti za Galileo, GLONASS na BeiDou. Penye ukuta, wingi wao unasaidia. Ukifika nyumbani futa nukta za hewani, umbali utapungua uwe wa kweli zaidi. Ile kasi ya 94 uiache ilivyo. Wajukuu wataipenda.

*Shangazi, niko Arusha. Nimeingiza kilele cha Kibo, 3°04' na 37°21', kifaa kinaniambia ni zaidi ya kilomita 700 kaskazini. Mlima nauona kwa macho! – Mwanafunzi*

Umeacha herufi S, kifaa kikaweka N. Hapo ulipokielekeza ni jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Ukiirudisha S, hakikisha pia hukuandika 3.04, kwa sababu dakika nne si sehemu nne kwa mia za digrii; namba sahihi ni 3.067, na tofauti yake ni kilomita tatu za kutembea bure. Ila kama nia ni kwenda hukohuko Chalbi, acha jaketi nyumbani, chukua maji.